Hamira, Kitunguu Saumu, Vitamini C au Dawa: Tumwekee Nini Samaki wa Bwawani?

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mwalo wa Kibirizi ukapoa, na sisi wenye mabwawa huku bondeni Kasulu, mkoani Kigoma, tukaanza kupigiwa simu na wateja waliokuwa wakimdharau sato wa kufugwa. Mkoa uliozoea mgebuka na dagaa ulihitaji samaki, na wengi wakachimba mabwawa. Pamoja na mabwawa zikaja na paketi za unga wa kuchanganya kwenye chakula: huu unakuza, huu unakinga, huu unatibu. Mfugaji mgeni anasimama mbele ya rafu la duka la pembejeo na hajui achukue upi.

Swali hili limenirudia upya hivi karibuni. Jirani yangu alikuja na simu mkononi, ametumiwa habari ya samaki aitwaye stajoni, yule anayetoa mayai meusi ya kaviari, kwamba alipolishwa bakteria wenye faida alikua vizuri na akaumwa kidogo. Je, naye anunue? Nilimwambia habari hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isimfae. Stajoni ni samaki wa maji ya kaskazini, kama mto Volga na Bahari ya Kaspi, na Urusi na Iran wamemchunguza sana. Jike la aina ya beluga hulelewa zaidi ya miaka 10 kabla ya kutoa mayai; sato wetu tunamvua baada ya miezi 6 hadi 8. Stajoni hukaa kwenye maji ya baridi, wetu wako kwenye maji ya nyuzi 25. Na kuna jambo lililomshangaza jirani kuliko yote: stajoni hujitengenezea vitamini C mwilini, sato hawezi. Kiongezo kilekile, samaki wawili, majibu mawili tofauti.

Kwa hiyo hapa nalinganisha makundi manne ya viongezo tunavyokutana navyo Kigoma, kwa samaki tunaowafuga, yaani sato na kambare. Kila kundi nalipima kwa mambo manne. Kwanza, linafanya nini mwilini mwa samaki. Pili, linaacha nini kwenye minofu, kwa sababu minofu hiyo inakwenda kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Tatu, linavumilia vipi mikono yetu, joto letu na mfuko wetu. Nne, linamfaa nani. Hilo la pili ndilo tunaloliuliza mara chache zaidi, na mimi nalipa uzito sawa na la kwanza.

HAMIRA NA BAKTERIA RAFIKI

Mwilini mwa samaki. Utumbo wa samaki umejaa vijidudu, wazuri na wabaya. Bakteria rafiki kazi yao ni kuwahi nafasi: wakishajishika kwenye ukuta wa utumbo, wabaya kama Aeromonas, anayeleta vidonda na mapezi mekundu, hukosa pa kutulia. Kwenye paketi utasoma majina kama Bacillus subtilis au Lactobacillus, jamii ya wale wanaogandisha maziwa. Hamira ya mikate si bakteria, ni fangasi aitwaye Saccharomyces cerevisiae. Ganda la chembe yake lina beta-glukani, aina ya wanga inayoamsha kinga ya samaki hata hamira yenyewe ikiwa imeshakufa. Majaribio kwa sato yameonyesha kuwa gramu 1 ya hamira kavu kwa kilo 1 ya chakula inatosha kuleta tofauti. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kinabeba takriban gramu 3, basi kinatosha kilo 3.

Tofauti hiyo huonekana zaidi samaki wanapokuwa na misukosuko: vifaranga waliotoka safari ndefu, bwawa lililosongamana, maji yaliyobadilika ghafla baada ya mvua. Kwenye bwawa tulivu lenye samaki wachache unaweza usione kitu, na hapo mfugaji asidhani ametapeliwa.

Kwenye minofu. Hakuna masalia ya kuogopa na hakuna siku za kusubiri kabla ya kuvua. Tahadhari iko kwenye ubora wa paketi. Baadhi ya bakteria hubeba vinasaba vya usugu dhidi ya dawa na wanaweza kuwapa bakteria wengine. Ndiyo maana Ulaya kila aina hukaguliwa kwanza kabla ya kuruhusiwa kwenye chakula cha mifugo. Paketi isiyotaja jina la bakteria wala tarehe ya kuisha muda, iache dukani.

Mikononi mwetu. Bacillus hujifunga kwenye mbegu ngumu inayovumilia joto la kukausha chakula. Lactobacillus hawezi. Mzigo uliotoka Dar es Salaam na kukaa siku kadhaa kwenye jua unaweza kufika Kigoma ukiwa na Lactobacillus waliokufa wote, na wewe umelipa bei ya walio hai. Hamira haina taabu hiyo, ipo kila duka la Mwanga na Ujiji na bei yake inabebeka. Wapo wanaonyunyizia mtindi wa nyumbani. Sioni ubaya mradi chakula hicho kiliwe siku hiyohiyo, maana kikilala kinachacha.

Linamfaa nani. Mwenye samaki wasioumwa anayetaka wavuke kipindi kigumu. Na mwenye samaki waliotoka kutibiwa kwa dawa, kwa kuwa dawa husafisha utumbo wote, wabaya na wazuri. Kosa ninaloliona ni kutoa bakteria rafiki na dawa ya kuua bakteria kwa pamoja, dawa haichagui.

KITUNGUU SAUMU NA MLONGE

Mwilini mwa samaki. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, kitu chenye harufu ile kali na chenye uwezo wa kudhoofisha bakteria na baadhi ya vimelea. Kikiwa kizima hakina alisini. Ni kule kuponda kunakoizalisha, na moto huiharibu. Kwa hiyo kitunguu saumu kilichochemshwa pamoja na uji wa chakula kimebaki kuwa kiungo tu. Majaribio mengi kwa sato yametumia kati ya gramu 10 na 30 kwa kilo ya chakula. Mlonge ni habari nyingine: majani yake makavu yana protini karibu robo ya uzito wake, basi ni chakula kwanza na kinga baadaye. Lakini yana pia saponini na tanini, na unga wa mlonge ukizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote, ukuaji wa sato huanza kushuka. Nimemwona mtu akichanganya nusu kwa nusu akiamini anawajengea samaki afya.

Kwenye minofu. Ni chakula cha watu, hakihitaji muda wa kusubiri. Hatari yake ni ya kukausha. Majani yaliyoanikwa chini, yakalowa umande na kukauka nusu, huota ukungu. Anika kwenye kichanja, kivulini, hadi yavunjike mkononi.

Mikononi mwetu. Mlonge unaota uani. Kitunguu saumu kina bei yake na hupanda msimu ukiisha, na kwa mwenye mabwawa makubwa gramu 30 kwa kilo ni gharama ya kweli. Kinataka kupondwa siku ya kulisha.

Linamfaa nani. Mfugaji wa bwawa moja au mawili, mwenye mikono nyumbani na pesa kidogo. Asitegemee kutibu ugonjwa uliokwisha kushika. Hii ni kinga.

VITAMINI C

Hapa ndipo kisa cha stajoni kinapotufaa. Kwa kuwa stajoni anajitengenezea, mfugaji wa Urusi anaweza asijali sana. Sato na kambare wanategemea kupewa. Wakiikosa kwa muda mrefu, uti wa mgongo hupinda, vidonda havifungi, damu huvilia kwenye mapezi. Ukiona samaki kadhaa wamepinda kama ndoano kwenye wavu, kabla ya kulaumu mbegu fikiria chakula.

Lakini si kila bwawa lina njaa ya vitamini. Bwawa la udongo lililorutubishwa, lenye maji ya kijani, linampa samaki mwani na wadudu wadogo wenye vitamini nyingi. Anayelisha samaki kwenye tangi la saruji, au kwenye kizimba chenye msongamano, ndiye anayelazimika kuitia kwenye chakula, maana samaki wake hawana pengine pa kuipata.

Kwenye minofu hakuna neno. Ni kirutubisho, na inayozidi hutoka mwilini na maji.

Mikononi mwetu ndipo penye shida. Vitamini C ya kawaida huuawa na joto, unyevu, hewa na kukaa. Chakula ulichokitengeneza leo na kukiweka stoo miezi 3 kimebaki na jina tu. Ipo iliyofungwa na fosfeti, inayodumu zaidi. Uliza duka kabla ya kulipa. Kiasi ni kidogo, makumi ya miligramu kwa kilo, kwa hiyo pima kwa mizani ndogo, changanya kwanza na konzi ya pumba, kisha pumba hiyo ndiyo uichanganye na chakula chote. Ukitupia moja kwa moja, samaki mmoja atakula dozi ya mia.

Linamfaa mwenye tangi au kizimba, na mwenye vifaranga wa wiki za mwanzo ambao mifupa yao ndiyo inajengeka.

DAWA YA KUUA BAKTERIA

Nitakaa hapa zaidi, na nitasema kwa nini. Miaka ya mwanzo nilipoteza samaki wengi asubuhi kwa asubuhi. Nikaenda duka moja, nikaeleza, nikapewa oksitetrasaiklini. Nikaichanganya na chakula. Siku ya sita nikavua waliobaki nikawauza sokoni, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisubiri na mimi sikuuliza. Walionunua walikuwa majirani zangu, wengine wenye watoto wachanga. Hilo bado linaniuma.

Mwilini mwa samaki. Tuseme haki: kama ugonjwa ni wa bakteria na umethibitishwa, hakuna kati ya hivyo vitatu vya juu kitakachofanya kazi ya dawa. Oksitetrasaiklini huzuia bakteria wasijitengenezee protini, wakashindwa kuzaliana, kinga ya samaki ikawamaliza. Haigusi virusi, haigusi fangasi, haigusi minyoo. Na kuna ugumu mmoja: samaki anayeumwa sana hali. Dawa iliyo kwenye chakula huliwa na wazima, wagonjwa wakabaki bila. Ndiyo maana hufaa mwanzoni mwa ugonjwa, sehemu kubwa ya samaki wakiwa bado wanakimbilia chakula.

Kuitoa kila siku kwa dozi ndogo ili samaki wakue haraka ni jambo jingine kabisa. Ulaya ilipiga marufuku matumizi ya namna hiyo kwa mifugo yote tangu tarehe 1 Januari 2006, kwa sababu dozi ndogo ya kila siku ndiyo shule ya bakteria sugu. Usugu huo haubaki bwawani. Sehemu kubwa ya dawa hii haifyonzwi na utumbo wa samaki, hutoka na kinyesi na kukaa kwenye tope, na maji ya bwawa huishia kijitoni ambako wengine wanachota.

Kwenye minofu. Dawa huingia kwenye nyama, hushika madini ya chokaa ya mifupa na magamba, na hutoka polepole. Kiwango cha Codex, kamisheni ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa nyama ya samaki ni mikrogramu 200 kwa kilo, kisizidi. Kukaanga au kubanika hupunguza kidogo, hakuondoi, basi usimwambie mteja kwamba moto utamaliza. Kinachoondoa ni siku. Marekani, kwa kambare wao, mfugaji husubiri siku 21 baada ya dozi ya mwisho. Ulaya kwa miaka mingi wamehesabu kwa joto: kanuni yao iliyotumika hadi Januari 2022, kwa dawa isiyo na muda maalumu kwa samaki huyo, ilikuwa kuzidisha nyuzijoto za maji kwa idadi ya siku hadi kufika 500. Maji ya nyuzi 25 yanahitaji siku 20. Maji ya nyuzi 20 yanahitaji siku 25. Hesabu hii ina maana kubwa kwa mkoa wetu, kwa kuwa bwawa la milimani Buhigwe lina baridi kuliko tangi la Ujiji, na samaki wa baridi hutoa dawa mwilini taratibu zaidi. Tarehe moja haifai kote.

Zipo pia dawa ambazo hazistahili kabisa kuingia bwawani. Kloramfenikoli ni marufuku kwa mnyama yeyote wa kuliwa huko Ulaya na Marekani, kwa sababu kwa watu wachache inaweza kusimamisha uboho wa mifupa usitengeneze damu, na hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Kufungua vidonge vya binadamu na kuvimwaga kwenye pumba ni kosa la aina hiyohiyo.

Mikononi mwetu. Dawa inapatikana kirahisi, kirahisi mno. Tumia iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, kwa ajili ya mifugo, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa halmashauri, ukamilishe siku zote hata samaki wakionekana wamepona. Andika ukutani tarehe ya dozi ya mwisho na tarehe ya kuruhusiwa kuvua.

Linamfaa nani. Mwenye ugonjwa uliothibitishwa, samaki bado wanakula, na mavuno bado yako mbali. Sharti hilo la tatu ni zito kama mengine mawili.

KUHUSU KUCHANGANYA, NA KILICHOMO KABLA YA KUONGEZA

Kigoma tuna bahati ya mawese. Kiongezo chochote kilichonyunyizwa juu ya chakula cha punje huoshwa na maji kabla samaki hajameza, hasa kwa kambare anayeokota chini. Paka punje mawese vuguvugu, kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kilo, acha zinywe kivulini, ndipo ulishe. Mafuta hubana unga na harufu yake humvuta samaki. Yasiwe ya moto. Moto utaharibu alisini na vitamini C pamoja.

Na kabla ya kuongeza, angalia ulichonacho. Mahindi yaliyovunda na mashudu yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, sumu inayoharibu ini la samaki na la binadamu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Gunia lililoharibika halisafishwi na kiongezo chochote. Dagaa walioanikwa mchangani huleta mchanga na uchafu, bora wa kichanjani hata kama bei imezidi. Na wenye banda la kuku juu ya bwawa wakumbuke: kuku wakipewa dawa, kinyesi chao hushuka na dawa hiyo kwa samaki. Siku za kusubiri za kuku ziwe pia za samaki walio chini yao.

SASA, KWA HALI YAKO

Kama unapandikiza vifaranga wiki hii na wamesafiri mbali, anza na hamira kwa wiki 2 au 3. Ukiwa na tangi au kizimba, ongeza vitamini C iliyofungwa na fosfeti. Ukiwa na bwawa la kijani, pesa ya vitamini nunua chakula.

Kama mtaji ni mdogo na bwawa ni moja nyuma ya nyumba, mlonge usiozidi sehemu ya kumi, na kitunguu saumu kilichopondwa wakati wa mvua maji yanapovurugika. Hapo umefika mbali bila kuingia duka.

Kama samaki wana vidonda, mapezi mekundu au wanazunguka bila mwelekeo, acha kuongeza kitu chochote kwanza. Chukua wawili watatu walio hai wenye dalili, uwapeleke kwa afisa uvuvi au uliza kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Kigoma, ujue ni bakteria, vimelea au maji. Ikithibitika ni bakteria na mavuno yako mbali zaidi ya mwezi, dawa ina nafasi yake, na hamira ifuate baada yake. Kama mavuno ni wiki ijayo kwa sababu kuna harusi imeshalipia, usitoe dawa. Watenge wenye dalili, punguza msongamano, badilisha maji, na umwambie mwenye harusi kuwa samaki watapungua. Na kama dawa ulishaitoa, mrudishie fedha zake au subirini pamoja.

Kama unataka kumuuzia mteja anayeuliza samaki alilishwa nini, na wateja hao wanaongezeka, hamira, mimea na vitamini hukuruhusu kujibu bila kufungua daftari. Dawa nayo inajibika, ila kwa daftari lenye tarehe.

Na kama samaki wako wanakufa alfajiri, ukiwakuta juu ya maji wamefungua midomo, kisha jua likipanda waliobaki wanachangamka, hawaumwi. Wamekosa hewa. Mwani wa maji ya kijani hutoa hewa mchana na usiku nao huivuta, na saa za alfajiri ndipo inapokwisha. Hakuna kiongezo cha hilo. Ingiza maji mapya yanayoanguka kutoka juu, acha kulisha siku moja, simamisha mbolea. Ndivyo walivyokuwa samaki wangu mwaka ule nilipokwenda dukani kununua dawa.